Siku Kumi na Nne za Bwana Afya

Hakuna baa safi kuliko yangu mtaa huu mzima, na sijisifu. Lakini kwa miaka mitatu nilijipaka uchafu kwa makusudi.

Utaratibu wa ukaguzi ni huu: baa ikikutwa safi, bwana afya harudi mpaka mwaka upite. Ikikutwa na kasoro, anarudi baada ya siku kumi na nne kuona kama umerekebisha. Mimi mjane, yeye mgane, na mdomo wangu huu unaotimua walevi kila siku ulikuwa unakauka mbele yake. Basi kila alipokaribia kuja nilimwekea kasoro moja. Mara sabuni haipo kwenye sinki, mara glasi hazijafunikwa. Anaandika, anakunywa soda yake taratibu, kisha, "Haya, Mama Kaunta, nitarudi." Nakala yangu naitupa kwenye droo bila kuisoma, maana kasoro si nimeiweka mwenyewe?

Mwaka jana nikachoka. Mtu mzima mimi, naficha sabuni! Nikasema, kama ananitaka atakuja bila sababu. Nikasugua baa nzima, nikamsubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Leo hupati kitu, bwana afya."

Alipita jikoni, chooni, stoo, akarudi jikoni tena, akainama hata chini ya friji. Mwishowe akaandika "safi" na kuondoka, soda kaiacha nusu. Sikumwona tena.

Jana akaja bibi afya mpya, binti mdogo, na faili la baa yangu kwapani. Alikagua, akakaa kwenye stuli kupekua kurasa, uso kaukunja.

"Mama, hawa mende mliwamalizaje?"

"Mende gani? Hapa hawajawahi kukanyaga."

"Mbona wameandikwa? Na kifuniko cha pipa, kimepasuka mara tatu."

Nikamnyang'anya faili. Mwandiko ulikuwa wa bwana afya. Kila nilipoficha sabuni, chini yake aliongeza na lake la kubuni, asije mkubwa wake akasema sabuni peke yake haistahili safari ya pili.

"Yuko wapi siku hizi?"

"Alihama. Aliomba mwenyewe, wiki ileile aliyoandika safi. Alituambia huku hana tena cha kufuata."

Niliumia, sifichi. Mwaka mzima nimemlaani kwa kutokuja, kumbe nilimfukuza mwenyewe, tena kwa maringo.

Binti akagonga muhuri. "Hongera, mama. Tutaonana mwakani."

"Namba yake unayo?"

"Ninayo. Nimwambie kuna shida gani?"

Nusura niseme panya. Walikuwa tayari kwenye ulimi, wakubwa, wenye mikia. Nikawameza.

"Mwambie hakuna shida yoyote. Baa ni safi. Mwambie nimemkumbuka, aje."