Mlango wa Handaki

King'ora kilipolia, tramu aliyokuwa akiiendesha Glenys Hallam ilikuwa imefika kituo cha juu, kilimani. King'ora hicho cha kuonya ndege za mabomu kilikuwa cha maonyesho tu. Siku hiyo makumbusho ya tramu yalikuwa yakikumbuka miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, na wageni walikuja na sare na kofia za enzi zile, wakipanda tramu za kale na kula keki. Glenys alijua king'ora kitalia. Alichosahau ni kumwambia baba yake.

Baba huyo, Mzee Wilf, alikuwa anakaribia miaka tisini na kumbukumbu zake zilikuja na kupotea; Glenys alikuwa amemwacha chini, kwenye benchi, na kikombe cha chai.

Glenys akaishusha tramu huku akipiga kengele njia nzima. Mvua ilikuwa imelowesha reli.

"Punguza mwendo," kondakta wake, Clive, alimwambia. "Reli zinateleza."

"Baba yuko kule peke yake."

"Na ukimgonga ndiyo utakuwa umemsaidia?"

Akavuta breki.

Benchi lilikuwa tupu, chai haijaguswa. Watu walikuwa wamekusanyika mbele ya handaki la kujikinga na mabomu, na mlango wake wa chuma ulikuwa ukigongwa kwa ndani.

"Kuna mzee kawasukumiza wageni humo, kaegemea mlango, hataki mtu atoke," mama mmoja alimwambia. "Mmoja wao ni mjamzito. Anasema hewa haimtoshi."

Wanaume wawili walishajipanga kuuvunja mlango. Glenys akawazuia; baba yake alikuwa nyuma ya mlango huo, wangemvunja mbavu. Akainama karibu na upenyo.

"Baba, ni mimi. Fungua."

"Bado, mwanangu. Ndege hazijaondoka."

Akakimbia kwa mtu wa king'ora. "Piga ule mlio wa salama."

"Huo umepangwa jioni."

"Upige sasa hivi, nakuomba."

Mlio ukatoka, mrefu, usiopanda wala kushuka. Kitambo hakikutokea kitu. Kisha mlango ukafunguka, wageni wakatoka wakihema, na Wilf nyuma yao, amemshika mkono yule mjamzito. "Polepole, mama. Sasa ni salama."

Glenys akasogea amgombeze.

"Dora hakungoja mlio huu," Wilf akasema. "Alisema anamfuata paka. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Hakurudi."

Katika maisha yake yote Glenys hakuwahi kulisikia jina hilo nyumbani kwao.

"Dora ni nani, Baba?"

"Dada yangu."

Abiria walishaanza kupanda tramu. Glenys akamwomba Clive atafute dereva mwingine, akavua glavu, akaketi na baba yake kwenye nyasi mbichi.

"Alikuwaje?"

Wilf akajishika sikio.

"Mkorofi," akasema. "Alikuwa akinivuta masikio."