Mfarishi Uliozidi Kitanda

Nyumba ya fundi cherehani haikosi vipande. Kila suti aliyoshona Fundi, kila sare ya shule na kila gauni la harusi liliacha masalia, na masalia hayo hakuwahi kuyatupa. Aliyashindilia kwenye magunia chini ya kitanda, mpaka mkewe akawa anawatania wageni kwamba yeye hulala juu ya mji mzima.

Mke mwenyewe hakujua kushona. Alikuwa mpishi wa shule, mtu wa sufuria na mwiko, na kifungo kikimtoka alisimama tu mbele ya mumewe kama wateja wengine. Sindano aliishika uzeeni, Fundi alipoanza kupotea.

Kupotea kwenyewe kulikuja kidogo kidogo. Kwanza vipimo vilimtoka, yeye ambaye zamani alikutupia jicho tu akakutajia kiuno chako. Kisha akasahau njia ya dukani. Binti yao wa pekee, muuza dawa, alisema mikono hukumbuka hata kichwa kikichoka. Basi mama akayavuta magunia uvunguni, akakata kalenda kuukuu vipande vya pembe sita, wakakaa wawili mezani kushona mfarishi wa viraka. Kitambaa kinakunjwa juu ya karatasi, kinapigwa bandi, mishono ya muda ya kukishikilia, halafu kinaungwa na mwenzake ubavu kwa ubavu. Karatasi huchomolewa baadaye. Fundi alishona kama zamani, na kila kipande kwake kilikuwa na mwenyewe.

"Hii suruali ya mwalimu mkuu. Alinenepa kabla sijaimaliza."

"Na hii?"

"Ya yule bwana harusi aliyeishia mlangoni. Suti alilipia, mke akamwacha."

Walicheka mpaka Fundi akapaliwa. Mama alijidanganya kwamba maradhi yamesimama.

Hayakusimama. Majina yakaanza kukosea vitambaa, kisha yakakauka kabisa. Siku moja mama alimkuta Fundi anatafuna uzi, sindano inaning'inia kidevuni. Akaichukua taratibu, asimshtue. Tangu hapo alishona peke yake, mishono mikubwa iliyokwenda upande, huku Fundi akichambua vifungo kwenye sinia, vyeupe huku, vyeusi huku, kisha anavichanganya na kuanza upya.

Halafu akatoka nje. Ilikuwa mchana kweupe, na Fundi alivaa shati tu, bila suruali, futi shingoni, akiwazuia wapita njia ili awapime mabega. Mama alimkimbilia akateleza kwenye ngazi, akaumia nyonga. Jioni hiyo binti alikuja na uso ambao mama aliusoma kabla haujasema.

"Mama, nimepata nafasi kwenye makao ya wazee. Wana wauguzi. Wana geti."

"Geti la nini? Baba yako si mbuzi."

"Na wewe si chuma."

Mama alikanda nyonga yake. Mwishowe akasema, "Ngoja nimalize mfarishi. Aende nao."

Binti aliutazama mfarishi. Ilibaki safu moja ya ubavuni. Alikubali.

Safu ile ilikwisha, mama akaongeza nyingine. Akaongeza na ya upande wa pili ili zilingane. Kisha ya miguuni. Mfarishi ulifunika kitanda, ukashuka, ukafagia sakafu. Na siku zote hizo Fundi alikuwa akimsukuma, akimwita mwizi, akikojolea kapu la nguo safi. Kumgeuza kitandani mama alimgeuza kwa kuuma meno. Lakini binti akija, anamkuta na sindano mkononi.

"Mama, kitanda hiki kina upana gani?"

"Baba yako hugeuka sana usingizini."

Binti hakucheka. Alikaa pembeni ya kitanda, akaushika mfarishi, akauachia. "Unadhani mimi napenda?" aliuliza.

"Sijasema hivyo, mwanangu."

Hapo Fundi akaliacha sinia la vifungo, akainuka. Aliivua futi shingoni, akaunyoosha mfarishi kwa viganja, akaupima urefu, akaupima upana, akapitisha kidole gumba juu ya mishono, mmoja mmoja. Alikuwa wima, na macho yake yalikuwa yametulia. Mama alishika ukuta. Alihisi kwamba akipumua vibaya tu, yule mtu atatoweka.

"Nani ameshona?"

"Mimi."

"Mkono wako mzito, mama. Lakini umejitahidi." Alizungumza kwa ile heshima ya dukani. "Kazi hii imekwisha. Ukiongeza unaharibu. Tia bitana, piga upindo, mpe mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?" mama aliuliza, maana roho haikubali kushindwa.

Fundi alimwangalia kwa mshangao. "Si wewe uliyeuleta?"

Binti alisogea dirishani akasimama huko, mgongo umewageukia.

Mama hakuongeza hata kipande. Alichomoa karatasi zote, akatia bitana, akapiga upindo.

Makaoni, Fundi alipewa kitanda karibu na ukuta, katika chumba cha watu wawili. Mama alipomtandikia mfarishi, Fundi aliukataa. Alisema halalii mali ya mteja. Aliukunja pembe kwa pembe, ukanyooka kama umepigwa pasi, akauweka kitini. Muuguzi alieleza kwa upole kwamba hata hivyo usingekaa: hapa mablanketi yote huchemshwa pamoja, na mishono ya mkono ingefumuka.

"Nenda nao tu, mama," muuguzi akamalizia. " Huku utaharibika."

Mama na binti walipoondoka, Fundi aliwasindikiza hadi mlangoni. "Mkiona kasoro mrudishe," alisema. Muuguzi akamshika kiwiko, akamrudisha ndani.

Mama alirudi kumwona kila alipopata mtu wa kumpeleka. Mwanzoni Fundi alimkaribisha kama mteja. Baadaye akawa hamkaribishi, na mara ya mwisho kabla ya mvua alilala muda wote, mdomo wazi, na mama akakaa karibu naye mikono mapajani mpaka wageni walipoambiwa muda umekwisha.

Mfarishi ulikwenda kwa binti, naye aliuweka juu ya kabati kwa kuwa ulikuwa mzito kufua. Siku moja, akipanga dawa za mama mezani, aliuliza kama hataki kuanza mwingine; magunia bado yamejaa.

"Macho," alisema mama. "Hayaoni tena."

Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Binti alilijua hilo. Akaendelea kupanga vidonge.