Nundu ya Mheshimiwa

"Sishoni tena," Waithera alisema. "Hili ni koti la tatu tangu Januari."

"Sasa niingie bungeni na sweta?"

"Ingia na gunia. Mgongo wako umeshakuwa gunia."

Naftaly hakubisha, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alisimama mlangoni pa ghala lao kule Elburgon, amempa mkewe mgongo, na nundu yake ilikuwa imepita masikio. Juu yake kulikuwa na wavu wa kamba ya katani, fundo likiwa kushoto, vile wapakiaji wa broka Jamleck hufunga.

Kabla ya kuwa mjumbe wa wadi alikuwa mkulima wa viazi, na kura alizipata kwa ahadi moja: atamaliza lumbesa. Kila mkulima alijua maana yake. Broka huongezea gunia kichwa cha kamba, wewe unajaza mpaka juu, na bei inabaki ya gunia moja. Mswada wa kupima viazi kwa kilo ulipoahirishwa mara ya kwanza, yeye akiwa kitini amenyamaza, kitu cha ukubwa wa ngumi kilimwota kati ya mabega. Daktari wa Nakuru alimwambia apunguze chumvi. Mswada ukaahirishwa mara nne zaidi. Sasa alilala kifudifudi, na Waithera alilala macho, akisikiliza kama bado anapumua.

Leo saa tatu mswada ulikuwa unarudi.

"Nikikufungua, utasimama useme?"

"Mama Quincy, lori la kampeni lilikuwa la Jamleck."

"Sikuuliza lori ni la nani."

Akakubali kwa kichwa.

Waithera alichukua kisu cha jikoni akakata fundo. Viazi vikamwagika, mbegu nzuri ya shangi, vikiwa bado na udongo mweusi wa bondeni kwa Chepkurui, jirani yao mjane. Naftaly akajinyoosha. Akavuta pumzi mpaka tumboni. Koti likamwingia bila shida.

Simu ikalia; alikuwa Jamleck.

"Ndiyo, boss," alisema, sauti ikishuka. "Hapana, sitaongea. Tutaahirisha."

Viazi vikaanza kurudi. Vilipanda mguu wa suruali kimoja kimoja, kama kuku wanaoingia bandani jioni, bila haraka, kila kimoja kikijua mahali pake. Koti likaachia mshono.

"Shona hapo nyuma tu," alisema bila kumtazama. "Nachelewa."

Waithera alifunika kwa karai vile vilivyobaki sakafuni, akavikusanya, akavibeba mpaka kwa Chepkurui. Lori la Jamleck lilikuwa langoni likipakia.

"Hivi ni vyako," alisema.

Chepkurui alivigeuza mkononi, akavitambua. "Asante, dada. Umekuja wakati mzuri. Gunia hili la mwisho lilikuwa bado halijajaa kichwa."

Akavimimina juu ya gunia. Wapakiaji wakavuta wavu, na mmoja wao akamgeukia Waithera, akamwomba mathe awasaidie na sindano. Waithera alisema hana. Sindano yake ya magunia ilikuwa imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa, na wote walikuwa wakiiona.

Kisha akaichomoa, akaenda nayo moja kwa moja hadi choo cha shimo cha Chepkurui, akaitumbukiza.

Alipotoka, walikuwa wameshashona kwa nyingine.