Maji ya Tano

Maji ya kwanza hutoka meusi tititi, na hayo hayamshtui mtu. Ovaroli imeshinda kwenye mkanda unaosafirisha makaa ya mawe, ulitegemea nini? Ya pili hutoka ya kijivu. Ya tatu ndiyo niliyozoea kuyatazama, maana miaka ile ya mwanzo yalitoka safi, nikaziona kucha zangu ndani ya karai. Siku hizi sizioni mpaka maji ya tano.

Mimi ni dobi wa kituo cha umeme, mwaka wa thelathini na moja sasa, na niliingia pale kwa kosa. Nilipita getini nikitafuta kazi, nikasoma kibao herufi moja moja: KITUO CHA KUFUA UMEME. Neno nililolijua vizuri ni kufua. Nikaingia na kipande cha sabuni mkononi, nikawaambia dobi amefika. Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Lakini msimamizi wa zamu alijitazama ovaroli, akawatazama wenzake, akasema mama huyu amesoma kibao vizuri kuliko sisi. Akaenda mwenyewe kuniletea karai. Tangu hapo wao wanafua umeme, mimi nawafulia wao. Mwanangu wa pekee alipokua, naye akaajiriwa kwenye mkanda.

Habari za upepo zilipokuja, mzaha ulianzia kantini. Kuna watu wanataka kusimamisha minara baharini, mbali na ufuo, kila mmoja na mapanga matatu marefu, wafue umeme kwa upepo, na tanuri zetu za makaa zizimwe moja baada ya nyingine. Shamba la upepo, ndivyo walivyoliita. Fundi wa boila akauliza palizi atafanya nani, pweza? Mwenzake akajibu kwamba pweza ana mikono minane, atamaliza kabla ya chai. Nilicheka na mimi. Kisha nikaona mwanangu hacheki.

Wiki hiyohiyo meneja aliniita ofisini. Si mtu mbaya, na naomba hilo lieleweke. Marehemu mume wangu alipozidiwa, ni yeye aliyetoa gari la kituo na kuliendesha mwenyewe. Kwa hiyo aliponivutia kiti, nilikuwa nimeshamkubalia kabla hajafungua kinywa. Alisema Jumamosi kutakuwa na mkutano wa hadhara kuhusu mradi wa upepo. Watu hawatamsikiliza meneja, ila watamsikiliza mama aliyewafulia baba zao na wana wao. Alinivika kilemba cha ukoka, nikajua, nikakivaa. Akanipa karatasi ya kuupinga mradi niisome pale, imechapwa kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yangu. Nikiwa mlangoni akaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba kwenye chumba cha vioo cha kuongozea mitambo kuna kiti kitakuwa wazi, mahali ambapo vumbi halifiki, na jina la mwanangu linafikiriwa.

Hakuniahidi. Hakuwa na haja.

Nyumbani nafua foronya za mwanangu kwa mkono. Huoga kabla ya kulala, akajisugua mpaka ngozi ikawaka, na bado asubuhi pana doa la kijivu pale mdomo wake ulipolala. Doa hilo halitoki kwenye ngozi. Linatoka ndani. Mwenyewe aliposikia habari ya kiti kile aliniambia nisome tu, ni dakika tano, na hakuna atakayekumbuka.

Nikaanza kujifunza ile karatasi. Niliibandika ukutani juu ya mabeseni, nikawa nasoma huku nasuuza. "Majivu yote hunaswa kabla ya kufika hewani." Nilisoma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne nikatazama chini. Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji ya nne, na siioni. Kinywa kilikuwa kinasema lake, mikono lake. Nikageuka nisiione karatasi, nikaendelea kuyasema maneno kwa kichwa.

Ijumaa mtunza ghala aliniletea ovaroli mpya ipunguzwe miguu. Nikauliza ni ya nani. Akasema ni ya kijana mpya wa mkanda, atakayeshika nafasi ya mwanao. Mwanao si anapanda juu? Alinipongeza kwa moyo mweupe kabisa. Nilipima miguu ile: mtu mfupi, mfupi kuliko mwanangu. Mkanda haukai bila mtu. Na huyo mfupi naye analalia foronya, na kuna anayeifua. Nilishona pindo kwa uzi maradufu, sindano ikanichoma mara mbili.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mhandisi wa mradi wa upepo alikuwa mwanamke mdogo, sauti yake ya taratibu. Aliniona nimesimama nashika goti, akanipa kiti chake, akasimama yeye mkutano mzima. Nilikipokea nikiwa na karatasi ya kumpinga mfukoni, na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Zamu yangu ilipofika nilisoma mistari miwili. Nilipofika kwenye majivu, ulimi ukagoma. Nikaikunja karatasi.

"Mimi ni dobi," nikasema. "Ovaroli za kituo zilikuwa zinataka maji matatu. Sasa zinataka matano. Hapa imeandikwa majivu yote yananaswa. Basi haya ninayoyamwaga mimi kila siku ni ya nani?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha. Meneja alichukua kipaza sauti chake, akasema kwa upole kwamba mama amechoka, apewe maji.

"Maji ninayo ya kutosha, baba," nikamjibu. "Ndiyo ninayoyazungumzia."

Hapo kicheko kilipasua ukumbi, na ningeweza kukaa nikiwa shujaa. Lakini sikuja kubadilisha karatasi moja kwa nyingine. Nikamgeukia mhandisi, nikamuuliza: "Na wewe mwanangu, huo upepo wako ukilala?"

"Utalala, mama," akasema. "Baharini hulala mara chache kuliko nchi kavu, lakini siku zake zipo. Siku hizo tutahitaji betri kubwa, na vituo vingine vya kutusaidia. Na tanuri hazitazimwa zote kwa mkupuo. Itachukua miaka."

Mtu wa nyuma akamzomea. Mimi nikamshukuru. Kwa miaka thelathini na moja, hakuna aliyesimama mbele yangu akazungumzia umeme wake na kusema "lakini".

Nje, meneja alinisubiri kando ya ngazi. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama nilimfikiria mwanangu.

"Ndiye niliyemfikiria," nikasema. "Na atakayekuja baada yake."

Akatikisa kichwa, akanishika mkono nishuke ngazi, akaenda zake.

Mwanangu alikuwa ameshaondoka ukumbini. Siku tatu tulikaa nyumba moja kama wapangaji. Alikula, akasema ahsante, akalala. Kazini wawili waliacha kuniletea ovaroli zao, na wengine, sijui ni akina nani, walinijazia mapipa ya maji kabla sijafika. Siku ya nne mwanangu alirudi kutoka kazini, akaniambia kile kiti amekikalia mpwa wa mhasibu. Yeye anabaki kwenye mkanda, na yule mfupi amewekwa karibu yake.

Nikamwambia najua uchungu wake. Sikumwomba radhi, maana nisingeimaanisha. Alikula polepole, akakohoa, akafuta mdomo, akakitazama kitambaa, akakikunja haraka nisione.

"Yule mhandisi," akasema. "Hiyo minara si itataka watu? Mafunzo yanaanza lini?"

"Hakusema. Hakuna aliyemuuliza."

"Umesimama mbele ya watu mia tatu ukamuuliza habari za upepo kulala, hilo likakupita?"

"Lilinipita."

Akasukuma sahani. Kwa mara ya kwanza wiki ile, pembe ya mdomo wake ilicheza. Ofisi ya wale watu, alisema, hufungwa saa kumi na moja.

"Vaa viatu, mama. Wewe ndiye unayejua kuuliza."

Nikavaa. Nje upepo ulikuwa unavuma kwa nguvu, mlango unarudi ndani kila ukifunguliwa. Mwanangu aliuzuia kwa bega, akaushikilia hapohapo mpaka nikapita.