Nta ya Bluu

Kila Jumapili saa nne asubuhi Eldrid alimpigia simu baba yake, na kila Jumapili alimdanganya.

Mzee Embret hakuwa mtu wa salamu. Alipokea simu kule Folldal, kwenye bonde la juu milimani ambako baridi ya Februari humkausha mtu hata makamasi, akauliza neno moja.

"Ngapi?"

"Hasi saba," Eldrid alijibu safari hii, akiwa amesimama dirishani, soksi zinazochuruzika maji mkononi. "Theluji kavu, baba. Imeanguka jana usiku."

"Nta ya bluu, basi. Tabaka tatu nyembamba. Na usiwe mvivu wa kusugua kwa kizibo, nakujua mimi."

"Uvivu niliuacha zamani."

"Hm. Haya nenda, mchana mfupi."

Nje ilikuwa nyuzi tatu juu ya sifuri, na mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumanne. Ndiyo Bergen hiyo, mji wa pwani alikohamia. Watu wake wanajivunia mvua kana kwamba wameitengeneza wenyewe, na mgeni akilalamika wanamtazama kama mtu aliyetukana bibi yao.

Kule Folldal, kwa miaka arobaini, hakuna aliyepanda mlima na ski zake, mbao ndefu za kutelezea thelujini, kabla Embret hajataja nta ya kuzipaka chini ili zishike theluji. Alfajiri alitoka mlangoni, akafumbata theluji kiganjani, akaipuliza, akataja rangi. Bluu ni ya baridi kavu. Nyekundu ni ya karibu na sifuri. Mwalimu alipiga simu kuuliza, mchungaji alipiga, na mchungaji alipojitia ujuaji Jumapili moja ya Pasaka alionekana akishuka mlima kwa miguu, ski begani. Eldrid alikua akisimama kando ya benchi huku baba akizipaka ski zake na kuzisugua kwa kizibo mpaka ziwake. Baba wengine waliwaambia binti zao wanawapenda. Wake alisema, "Bluu." Yeye alielewa.

Kisha akapata kazi Bergen, ya kutengeneza meno ya bandia, akahama. Majira yake ya kwanza ya baridi alipiga simu akasema kweli: mbili juu ya sifuri, maji matupu.

"Hiyo siyo theluji," Embret alisema. "Huo ni uji. Nta ya uji mimi siijui."

Akakata. Eldrid alilia siku ile, mtu mzima wa miaka thelathini na minne. Jumapili iliyofuata akasema hasi saba, na sauti ya baba ikarudi. Ikawa ndiyo mtindo kwa miaka miwili.

Upumbavu zaidi ni kwamba alikuwa akitii. Baba amesema bluu, basi anapaka bluu, anaparamia theluji ya mlimani iliyoloa kama tambara la kudekia, na ski zinamteleza chini yake, hatua moja mbele, mbili nyuma. Didrik, mwenzake wa kazini, mzaliwa wa Bergen, alimpita siku moja akicheka.

"Dada, wewe unapanda au unashuka?"

"Fuata njia yako, Didrik."

"Futa hiyo bluu, upake ile nta ya gundi ya theluji iliyoloa, kama binadamu!"

"Baba yangu kasema bluu."

"Baba yako yuko hapa?"

Neno lile lilimchoma.

Na kulikuwa na siri nyingine aliyoona haya kuisema hata moyoni. Alipenda baiskeli yake. Kila asubuhi aliteremka nayo kutoka mtaani kwake, Sandviken, mvua ikimpiga usoni, madigadi yakirusha maji, kengele ikilia kwenye mawe ya njia nyembamba, na alifika kazini ameloa chapachapa, anacheka peke yake. Halafu furaha ikageuka, akajiona kama mtoto aliyekula kwa jirani na kushiba wakati mama yake bado yuko jikoni.

Jumapili moja Embret hakutaja nta. Alisema, "Nakuja Ijumaa."

"Unakuja wapi?"

"Kwako. Miaka miwili nasikia theluji yako kwa simu. Nataka niikanyage."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Eldrid ilikuwa na urefu wa treni mbili, lakini mwisho wake ulikuwa Ijumaa. Hakulala vizuri juma lile. Kilichomtisha hakikuwa hasira ya mzee. Nta ndiyo kitu pekee walichojua kuzungumza wao wawili. Baba akigundua kwamba hata hiyo ilikuwa uongo, asiulize tena "ngapi," wangebaki na nini?

Embret alishuka kwenye treni ana miaka sabini na tisa, kofia ya sufu kichwani, ski zake zimefungwa kwa shuka. Mvua ilikuwa inamwagika. Alitazama juu, akajifuta pua. Eldrid akakosa ujasiri wa kukiri.

Nyumbani, kwenye ujia, mzee alisimama mbele ya baiskeli. Akapiga kengele. Akainama, akaangalia breki.

"Hii inaendeshwa."

"Kidogo tu, baba."

"Breki zimelika mpaka chuma, halafu unaniambia kidogo."

Asubuhi walizifunga ski zote mbavuni mwa baiskeli. Eldrid aliisukuma, mzee akatembea kando, mkono mmoja kwenye tandiko, mwingine ameuficha ndani ya koti kama mtu aliyevunjika. Walipanda na treni ya mlimani, wakatoka juu kwenye ukungu. Theluji ilikuwa ya kijivu, nzito, ya kukamuliwa. Eldrid aliziinua ski zake na ile bluu inayong'aa chini yake, akashindwa kuendelea.

"Baba, nilikudanganya. Haijawahi kuwa hasi saba. Sijui hata…"

"Zigeuze," Embret alisema. "Ziweke kwenye benchi."

Akautoa ule mkono kotini. Kwapani alikuwa ameatamia tyubu ya nta ya gundi, nyekundu, tangu asubuhi, ili ilainike. Akachukua kikwaruzo na kuanza kuing'oa ile bluu, maganda yakidondoka kwenye maji.

"Ulijua?"

"Nina redio mimi. Kila siku saa moja asubuhi nasikiliza utabiri wa Bergen kwanza, wa kwetu baadaye. Mchungaji anagonga mlango anataka nta, namwambia ngoja, nasikiliza mvua."

"Sasa mbona uliniambia bluu miaka yote hiyo?"

Mzee alikamua gundi, akaitandaza kwa kidole gumba.

"Ulinitajia hali ya hewa ya Folldal, nikakupa nta ya Folldal. Nilijua unarudi nyumbani kidogo, japo kwa simu." Akafuta kidole kwenye suruali. "Na mimi nilitaka urudi. Ile mara ya kwanza nilikosea, mwanangu. Nta ya uji naijua vizuri. Nilikataa tu kuisema."

Eldrid alitazama kwingine kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

Gundi ilishika. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie aliupanda ule mlima bila kurudi nyuma hata hatua moja, baba nyuma yake akihema na kugomba kuhusu vijiti vyake vya kujisukumia. Juu walikula chungwa moja kwa wawili. Kisha wakateremka, maji yakiruka pande zote, na mzee akaanguka, akakaa pale pale kwenye tope jeupe akicheka kama kichaa.

"Uji mtamu huu!" alipiga kelele.

Kabla ya kuondoka alibadilisha breki zote za baiskeli.

Jumapili, saa nne, Eldrid alipiga simu.

"Ngapi?"

"Nne juu ya sifuri, baba. Mvua."

"Gundi nyekundu. Ipashe kwanza kwapani."

"Sawa." Hakukata. Tangu ahame hakuwahi kuuliza, aliogopa jibu lingemtamanisha nyumbani. "Na huko?"

"Huku?" Embret alisita. "Hasi kumi na tisa. Kavu. Inalia chini ya kiatu."

Eldrid alikaa chini sakafuni karibu na baiskeli, akafumba macho. Dirishani mvua haikusimama.

"Niambie tena, baba."

"Hasi kumi na tisa," mzee alirudia, taratibu, kama anayesugua kwa kizibo.