Sharti la Tatu

Pale maabara walimwita Mama Seli, na jina likamkaa. Kwa miaka tisa alikuwa akikuza seli za saratani kwenye vichupa, akizibadilishia chakula kila baada ya siku mbili, Jumapili na sikukuu bila kukosa. Mwenyewe aliishi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na kila ulipokaribia kwisha, roho ilikuwa mkononi.

Mwaka jana Profesa, mkuu wa maabara, alimpa kazi ya kuandika andiko la kuomba fedha za mradi mpya. Ndani yake mlikuwa na nafasi moja ya mtafiti, ya kudumu, na wote wawili walijua ni ya nani.

"Ila hapo kwenye sifa, pamba kidogo," Profesa alimwambia. "Wafadhili wanapenda wasomi."

Basi akapamba. Kwenye sharti la tatu akaandika: mwombaji awe na shahada ya uzamivu. Yeye alikuwa na ya uzamili tu. Alidhani ni maneno ya kuwapendeza wafadhili, kama mtu anavyoazima koti la kupigia picha ya pasipoti.

Fedha zikaja. Walikumbatiana koridoni. Wiki iliyofuata nafasi ikatangazwa kwenye tovuti ya chuo, neno kwa neno kama alivyoiandika, naye akakaa kujaza fomu huku akijichekea. Swali la tatu likauliza kama ana shahada ya uzamivu. Akabonyeza hapana. Fomu ikajifunga, ikamshukuru kwa kuonyesha nia.

Alikwenda mbio ofisi ya ajira. Karani akatazama skrini, kisha akamtazama yeye.

"Dada yangu, ingekuwa mimi ningekupitisha leo hii. Lakini mfumo unafuata kilichoandikwa."

Profesa naye hakuinua macho. "Tukigusa sharti moja, wafadhili watahoji mradi mzima. Kwani hukuweka 'au uzoefu wa kutosha'?"

Hakuweka. Maneno manne tu, na hakuna aliyekuwa amemkataza.

"Mwisho wa mwezi, mkataba wako ukiisha, utamkabidhi mtu mpya vichupa," Profesa akaongeza. "Umwelekeze taratibu. Nasikia kati ya walioomba hakuna aliyewahi kukuza seli."

Mchana alikaa kwenye ngazi za nyuma, kando ya mitungi ya gesi, akampigia mama yake. Mama alikuwa ameshatangazia mtaa mzima kwamba binti yake sasa kaajiriwa moja kwa moja.

"Wamenikataa, mama. Kuna sharti moja sikulitimiza."

"Miaka tisa unawalishia hivyo vidudu vyao, leo ndiyo wanakumbuka masharti? Nani kaliandika?"

"Mtu wa hapa hapa."

"Basi na yeye asipate kazi. Kila atakapobisha hodi afungiwe mlango. Namwapiza mimi, niliyekuzaa kwa uchungu."

"Mama, usimwapize."

"Kwa nini nisimwapize? Ni ndugu yako?"

Alitaka kumwambia, akashindwa. Aliona aibu, lakini zaidi ya aibu aliogopa, ule woga wa utotoni wa laana ya mzazi. Machozi yakamtiririka hadi kwenye koti jeupe la maabara. Upande wa pili mama hakuwa amemaliza. Alikuwa akimwombea mtu yule azeeke na vyeti vyake mkononi.