Mumbi Anachimba Misri

Jumamosi mchana Ian alikuwa kitandani, Woolwich huko ng'ambo, ghorofa ya juu ya saluni, laptopu kwa magoti, chipsi zimepoa kando. Kwa gemu yeye ni mpelelezi. Kuna makaburi ya wafalme wa Misri yanachimbuliwa, kinyago cha dhahabu kimeibwa, na kazi yake ni kuhoji kila mtu. Alimaliza na profesa, akashuka kwa shimo kuhoji vibarua. Wa tatu alikuwa mamake.

Mumbi alikuwa na ile yunifomu yake ya kutunza wazee, ameshika koleo.

"Umekula?"

"Nimekula, Mum."

"Chipsi si chakula, Ian."

Gemu ilikuwa imempa maswali mawili tu ya kuchagua, yote ya kinyago. Aliyaacha, akauliza kwa mdomo anachimba nini.

"Mahali pa kulala. Lakini kila nikifungua shimo napata mfalme. Hawa watu walijipanga mapema."

Mumbi alikufa Februari. Kakake, Mjomba Gathogo, alitaka azikwe Nyahururu alikozaliwa. Shangazi Placida akasema aliyeolewa hulala kwa bwanake, Subukia, na marehemu bwanake alikuwa ameshatangulia huko. Wakabishana kwa grupu ya watsapu, wakabishana kanisani Lewisham, wakatoana kwa grupu, zikawa grupu mbili. Mochari ikipiga simu, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anashughulika. Mochari ikachoka. Mumbi akachomwa, na kwao watu hawachomwi. Majivu yako kwa kabati ya jikoni, kando ya unga wa ugali, yanangoja kikao.

Basi Ian akaachana na kinyago. Alizunguka na mamake mpaka wakapata mahali nyuma ya mahema ya vibarua, hapana mfalme. Mpelelezi hana koleo, ana brashi tu, kwa hivyo Mumbi alichimba na Ian akapiga brashi mpaka kiganja kikauma. Mchanga ulimwagika kwa duveti kutoka matundu ya laptopu. Akaukusanya kwa beseni.

Mumbi alishuka, akajinyoosha, akajaribu ubavu wa kushoto.

"Hapa panatosha. Funika. Uso uwe wa mwisho."

Ian alifunika akilia, kamasi ikimdondokea kwa kibodi. Gemu ikamwambia anapoteza muda.

Alitaka Mjomba na Shangazi waone amepata mahali, angalau watulie. Akawapigia simu. Walikuja jioni, wakakaa kwa kitanda, mmoja huku, mwingine kule. Mjomba Gathogo alivaa miwani.

"Kichwa umeelekeza wapi?"

"Sijui, Mjomba. Ni gemu."

"Hapo ameangalia kwa kina Placida."

"Na akiangalia kwa bwanake," Shangazi Placida akasema, "wewe unawashwa na nini?"

"Kwani wewe ndiye ulimzaa?"

"Wewe ulimzaa? Na huyu mtoto, nani alimruhusu kuzika bila kikao?"

Mchanga ulitikisika. Mumbi aliketi, akajipangusa macho, akatafuta koleo.

"Mum, wacha. Lala."

"Nitalala aje na hizi kelele, baba?"

Alipita mahema, akatoka upande wa kushoto wa skrini. Wale wawili walikuwa wameshafika kwa habari ya mahari. Ian aliongeza sauti ya laptopu mpaka mwisho, na chini ya maneno yao akasikia koleo likiingia ardhini, mbali kidogo, halafu mbali zaidi.